Kilichomrudisha Okbun Nyumbani

Yurim alivaa barakoa na kofia siku aliyokwenda kliniki ya wanawake, ingawa hakuwa na mafua wala jua halikuwa kali. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, mitaa miwili tu kutoka ofisini alikokuwa akichora ramani za mabomba ya maji ya jiji la Daegu. Alichoogopa zaidi ni lifti. Msichana ambaye hajaolewa akionekana anabonyeza namba tatu, maneno humtangulia kazini.

Mapokezini aliulizwa kwa sauti kama ameolewa. Akajibu hapana, masikio yakamwaka moto. Lakini alipoketi, aliona kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa pale ni wasichana wa rika lake, barakoa usoni, macho kwenye simu, kila mmoja ameacha kiti kitupu kati yake na mwenzake. Mmoja alikuwa na sare ya shule. Alikuwa ameligeuza begi lake ili jina la shule lisisomeke.

Miezi saba ilikuwa imepita bila Yurim kuona siku zake. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya uchovu, alimwonyesha ovari zake kwenye skrini: vifuko vyeusi vidogo vidogo vilivyojipanga ukingoni. Mayai yanaanza kukua, alimweleza, kisha yanakwama njiani, na wengine huota vinyweleo kidevuni. Akautaja ugonjwa kwa jina lake refu la kitabibu.

"Tangu asubuhi wewe ni wa nne," akasema.

"Wa nne?"

"Na bado sijala chakula cha mchana."

Hakumwambia kwamba hatazaa. Alisema tu kuwa huenda akahitaji subira na msaada, kisha akamwandikia vidonge vya kurekebisha homoni, vilevile wanavyomeza wanawake kuzuia mimba.

Mama yake alivikuta Jumapili, akaviweka mezani katikati ya bakuli za wali. Yurim alijua anachodhaniwa, akaharakisha kueleza, akitarajia mama ashushe pumzi. Badala yake uso wa mama ulizidi kuporomoka.

"Afadhali lingekuwa lile nililodhani," mama akasema.

Ndipo kwa mara ya kwanza akamsimulia habari za dada yake, Okbun. Yurim alikuwa akimfahamu kama mama mkubwa anayeishi peke yake Uiseong na kulima vitunguu saumu, mtu asiyealikwa kwenye harusi. Kumbe aliwahi kuolewa. Siku zake zilikuwa zikija mara mbili kwa mwaka, na baada ya miaka sita bila mtoto, mkwe wake alimrudisha kwao na sanduku lake la nguo. Baba yao alimpa chumba cha nyuma. Wageni waliambiwa yuko Busan kiwandani, na kila walipokuja, Okbun alikaa humo ndani bila kukohoa.

"Mpaka harusi yako ya Oktoba ipite, mtu asijue," mama akasema. "Nakuomba, mwanangu."

Yurim aliitikia. Lakini wiki mbili baadaye familia mbili zilipokutana kwa chakula cha mchana, mama wa mchumba wake, Byeongju, alimwekea kipande kinono cha samaki na kumwambia kwa upole kwamba ameshaanza kufuma soksi za mjukuu. Mama yake Yurim akacheka, akasema wanawake wa ukoo wao hawachelewi kushika mimba. Yurim akamtazama. Mama akainamia kikombe chake, na Yurim akaona kwamba yeye mwenyewe, ingawa amekaa pale mezani, alikuwa ameshafungiwa chumba cha nyuma.

Akaviweka chini vijiti vyake vya kulia. "Nina tatizo la ovari," akasema. "Natumia dawa. Huenda nikazaa, huenda nikachelewa. Nimeona mjue."

Baba yake Byeongju akasifu supu.

Byeongju alimsindikiza mpaka kituoni, akamwambia kwamba kwake hilo si kitu. Wiki iliyofuata alimpigia simu mara mbili. Iliyofuata, mara moja. Mvua za Julai zilipoanza, akamwandikia kwamba mama yake anaumwa, kwa hiyo wameona ukumbi wa harusi usubiri kwanza. Hakuna aliyetamka neno la kuachana. Mama naye aliacha kuongea na Yurim isipokuwa kumwita chakula kikiwa tayari.

Jumamosi moja Yurim alipanda basi la Uiseong. Alimkuta Okbun bandani, ameketi kwenye mkeka, akifunga vitunguu saumu mafungu mafungu, mvua ikipiga bati. Kidevuni alikuwa na vinyweleo vigumu vya mvi alivyovinyoa vibaya. Bila kutaka, Yurim akajigusa chake.

"Mama yako anajua uko huku?"

"Hapana, mama mkubwa."

Yurim akamweleza yote, tangu kliniki mpaka ukumbi. Okbun alisikiliza huku akifunga, bila kuinua uso. Yurim alipolitaja jina la ugonjwa, mikono ikasimama.

"Sema tena."

Akasema tena. Okbun akajaribu kulifuatisha, likamshinda katikati.

"Wanasema wanaoumwa huu ni wengi?"

"Wengi sana. Wasichana wa kawaida tu."

"Mimi waliniambia nimekausha damu kwa roho mbaya," Okbun akasema. "Mtu akiambiwa hivyo akiwa na miaka ishirini na sita, anaanza kujichunguza. Nilijichunguza miaka mingi, na roho mbaya yenyewe sikuiona."

Akavuta karatasi ya bei iliyokuwa imechomekwa kwenye gunia, akaigeuza upande mweupe, akampa pamoja na kalamu.

"Niandikie hilo jina. Herufi kubwa, macho yangu hayana nguvu."

Yurim akaandika. Okbun akaisogeza karatasi penye mwanga wa mlango, akasoma polepole, silabi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.