Njooni Alhamisi

...na uongo wenyewe haukuwa mrefu, maneno mawili tu, njooni Alhamisi, aliyasema MaDlomo kwa mdomo wake, akitabasamu, kwenye dirisha hili hili la ofisi ya kuandikisha ndoa na vifo, miaka saba iliyopita, huku akijua kuwa Alhamisi hakuna mtu, hakuna afisa wa ndoa anayetoka mjini kuja kumfungisha yeyote ndoa hapa, na kwamba yeye mwenyewe Alhamisi mchana huwa keshavaa blauzi nyekundu na kola nyeupe, yuko kanisani na akina mama wenzake, amepiga magoti, anaomba, Bwana nisamehe, huku nyuma wanawake wawili wamekaa kwenye benchi na nguo zao nzuri wakimngojea mtu ambaye hayupo... "Mama, mbona umenyamaza? Andika hajaolewa, basi, twende zetu," anasema mwanamume aliye mbele yake, Mncedisi, kaka wa marehemu, kofia mkononi, macho mekundu, na MaDlomo anamjibu, mtandao umekwama, kaka yangu, subiri kidogo, na kweli umekwama, kwenye skrini kuna jina, Zoleka Ntshinga, miaka arobaini na minne, amefariki Jumapili, na chini yake kisanduku cha hali ya ndoa kiko kitupu, na kutoka dirisha la pili Vuyelwa anapaza sauti, "Mtandao umelala, jamani, umeshiba chai kama wakubwa zetu!" na foleni nzima inacheka, isipokuwa yule mwanamke aliyesimama nyuma ya Mncedisi, Phumeza, kitambaa cheusi kichwani, shali mabegani imebanwa kifuani kwa pini, kama anavyobana mjane, na MaDlomo anaitazama ile pini asiweze kuiacha, kwa sababu mjane haji ofisini, mjane hafuatilii kibali cha mazishi, mjane yuko nyumbani kwenye godoro, sakafuni, mgongo ukutani, watu wanamjia, wanaimba, wanamshika mkono, na mambo ya karatasi wanakimbizana nayo wengine, yeye mwenyewe alipofiwa na mumewe, Fezile wake, alikaa siku nane kwenye godoro, hakujua hata nani alileta jeneza, na akina mama wa Alhamisi waliingia wamefuatana na blauzi zao, chumba kikawa chekundu, mmoja akamlaza kichwa mapajani mwake, na bila siku zile nane angepata wazimu, hilo analijua kama anavyolijua jina lake... sasa huyu, nani amemlaza kichwa mapajani?... "Kaka Mncedisi," anasema Phumeza, polepole, "nyumba chukueni, sahani chukueni. Mimi nataka kukaa godoroni mpaka azikwe." "Godoroni amekaa shangazi." "Nitakaa pembeni ya shangazi." "Wewe ni rafiki, dada. Tunakushukuru, ulimuuguza, ulimwosha, Mungu anaona. Lakini rafiki akikaa godoroni, kesho na jirani atakaa, na kesho kutwa muuza kabeji!" na kuna mtu kwenye foleni anaguna, sijui kwa kucheka au kwa aibu, na MaDlomo anabonyeza kitufe ambacho anajua hakitafanya kitu, barua alikuwa nayo, hilo ndilo linalomchoma, barua halali kabisa, serikali yenyewe iliruhusu wakati ule, afisa ambaye dhamiri yake inamkataza kuwaozesha wanawake wawili au wanaume wawili amwandikie waziri asamehewe kazi hiyo, na wote wanne wa ofisi hii waliandika, kwa hiyo angeweza kusema, dada zangu, imani yangu inakataa, nendeni mjini, mwendo wa saa tatu tu, wangelia, wangemtukana, lakini wangekwenda, ila kusema hivyo kulitaka awatazame machoni, na Zoleka alikuwa mrefu, suti ya bluu imepigwa pasi, anamwita mama kwa heshima zote, shikamoo zake zote, akaona haya, akaogopa kuitwa mbaya, akasema njooni Alhamisi, wakaja, akawaachia ujumbe kuwa gari la afisa limeharibika, Alhamisi ijayo, wakaja, na mara ya tatu Vuyelwa ndiye aliyemsimulia kesho yake, huku akicheka, "MaDlomo, maharusi wako wana subira! Mmoja kavua viatu, kalala benchini," naye alicheka pia, Bwana, alicheka, na jioni akala akalala usingizi, akaiita ile imani... na sheria ya barua ilipofutwa akawangoja, alikuwa keshajipanga cha kusema, hawakuja, na leo asubuhi alipomuuliza Phumeza kwa sauti ya chini, mbona hamkurudi, ilikuwa ruksa, Phumeza alimtazama bila hasira, afadhali angekuwa na hasira, akasema, "Tulichoka kuvaa zile nguo, mama"... "Haya, tuulize ofisi," Mncedisi anageuka, anaweka kofia juu ya kaunta, "serikali hii hapa. Mama, wewe ndiye mwenye daftari. Dada yangu alikuwa na mume? Alikuwa na mke? Kama yupo, nitambeba mwenyewe mpaka godoroni, naapa. Yupo?" na jibu ni hapana, jibu la sheria ni hapana, daftari lina mistari ya watu wote wa bonde hili na mstari wa hawa haumo, na aliyeuzuia usiwemo ni yeye, na anawaza Kitabu, je, Kitabu kinasema nini juu ya wanawake wawili, miaka yote alidhani anajua, leo hajui kama anajua, ataulizwa siku ya kuulizwa, lakini juu ya uongo hakuna cha kuuliza, mtoto wa shule ya Jumapili anajua, na hii siyo dhamiri iliyomfungia mlango Phumeza, dhamiri ingesema hapana ikasimama pale ikatukanwa, ni woga, woga aliouvalisha kola nyeupe akaupeleka kanisani kila Alhamisi, na huyu hapa mwanamume naye anamlilia dada yake, si mtu mbaya, anataka tu karatasi imwambie nani ni nani, na karatasi itamwambia uongo wa MaDlomo, kwa muhuri... Vuyelwa anamtazama, mtaa mzima utajua kabla ya saa nane, akina mama watajua, wacha wajue... "Ndoa haijaandikwa, kaka Mncedisi," anasema, na sauti inamtoka kubwa kuliko alivyotaka, "haijaandikwa kwa sababu dada yako na huyu walikuja kwangu mara tatu wawe mke na mke, na mara tatu niliwadanganya. Naomba umchukue nyumbani, umkalishe godoroni."