Kiti Kitazame Wapi

…mbele, kitazame mbele, kuna swali gani hapo, mtu akipanda chombo anatazama aendako, lakini Hildegarda hakulitamka, maana fundi Ditram alikuwa amechuchumaa ndani ya boti, chaki sikioni, drili mkononi, "Bibi, amua, nikishatoboa nimetoboa, alumini si ubao," na lori la mafuta likapita barabara kuu ya Iringa likatikisa mabati ya karakana, na Tumwagile wa vitumbua akadakia kutoka ng'ambo ya mtaro, "Sufuria lote hilo, bibi, unampikia nani ubwabwa?" na yeye akamjibu, "Wewe, ingia tuone kama unaenea," wakacheka mafundi wote, Tumwagile kuwashinda… sufuria, ndivyo wanavyoiita hata kule Kilosa bwawani, tangu Goodluck, mwanawe, alipoileta kutoka hoteli moja iliyofungwa, na jana imepanda lori tena mpaka hapa Mikumi, kwa kuwa fundi wa kule anajua mageti tu, alumini ataitoboa kama chujio. Benchi la mbele limeshang'olewa, hapo pakae nyavu na ndoo ya samaki, la kati Ditram amekataa kulitoa, anasema ndilo linaloshika mbavu, ukilitoa boti inajikunja kama chapati, basi kiti kitafungwa juu yake, kiti cha lori lililopata ajali, na mkanda wake, na kwenye kiti hicho, ambacho sasa hivi kiko chini kivulini kikijaribiwa kama kiatu, amekaa Vitalis mumewe, anatazama barabara. Amefungwa mkanda. Boti ikipinduka atazama nao, Hildegarda aliliwaza hilo kama anavyowaza chumvi imekwisha, akaendelea… upande wa kulia umekufa tangu Kwaresima, mdomo umehama, neno limebaki moja, "ba", njaa ni "ba", inzi ni "ba", Padri alipokuja kumpaka mafuta alipewa "ba", lakini mkono wa kushoto ni mzima, unaonyesha, na ni kwa ajili ya mkono huo wamekuja wote kwa lori mpaka hapa, maana mtumbwi wake wa zamani ni mwembamba, ungemmwaga, na bila mkono ule boti hii ni sufuria kweli. Kambale wana vyumba vyao mle bwawani, anavijua yeye peke yake, hakumwambia ndugu yake, hakumwambia mwanawe, sembuse mke, miaka arobaini na mmoja hajawahi kumruhusu akanyage chombo, "samaki wananusa mwanamke," na yeye akamuuliza, "Wewe je, wanakunusa nini?" akaondoka, kamgeuzia mgongo… tangu Kwaresima Hildegarda anatega ukingoni, anavuna majani, wenzake wanajaza matenga, nyumbani maharage, jana maharage, akamwuliza, baba Goodluck, nikikupandisha utanionyesha? akasema "ba". Ba ipi? "Mbele ndiyo kawaida, bibi," Ditram anasema, "babu ataona maji, wewe nyuma na kasia unafuata mkono wake," naam, ndivyo, anyooshe mkono, yeye apige kasia, anatazama kisogo chake kama siku zote, kisogo anakijua kuliko uso… kisogo ndicho kilichomwambia Hildegarda wavu wa kaka yake umechukuliwa na mafuriko, Vitalis alikuwa ameinama anafunga ndoana, na miaka kumi na mmoja baadaye mke akaukuta chini ya ghala, mzima, kisogo kilichosema sijaenda kwa Mwamvua, ananawa miguu, anaongea na ukuta, kila uongo wa mtu huyu umetoka mgongoni, ngoja, ngoja kwanza… kwa sababu usoni hawezi, aliligundua lini hilo, msibani kwa mama yake, alimwambia nitazame, na kope ya kushoto ikacheza, ikacheza kama samaki amegusa chambo, na baada ya hapo kila alipotaka kweli alimgeuza kwanza, nitazame… Mungu kachukua kulia, kaacha kushoto, kaacha mkono, na jicho kaliacha. Kiti kikitazama mbele atapata mkono tu, na mkono huo unaweza kumzungusha kwenye matete mpaka afe kwa jua, mzee akaenda zake kaburini na vyumba vyake vyote, kikitazama nyuma mkono utaonyesha kinyumenyume, kulia kwake kushoto kwangu, nitazoea, ila jicho litakuwa hapa, hatua moja, hana pa kulipeleka, mkanda umemshika, njia nzima anamwona mwanamke na kasia katika boti yake… "Bibi, jua halitungoji," Ditram anasema, na chaki bado iko sikioni, na benchi bado halina tundu hata moja, Hildegarda akaenda kivulini, akasimama kati ya kiti na barabara. "Baba Goodluck. Nitazame." Akamtazama, polepole, hakuna swali lolote lililoulizwa, na kope ya kushoto ikaanza kucheza.