Siku Massoudi Alipokuja Kamenge

Tuliporudi mtaani kwetu Kamenge mwaka 1997, kutoka ukimbizini Uvira ng'ambo ya mpaka, vita vya makabila vilikuwa havijaisha na nyumba yetu ilikuwa kuta tupu. Baba yangu, Népomuscène, alikuwa mpasuaji mbao tangu ujana. Kabla hatujakimbia alikuwa ameuzika uani msumeno wake wa mota, umeviringishwa turubai. Alipoufukua, ulivuja. Ukiutia esansi, yaani petroli, inatoka tone kwa tone mpaka tangi linakauka. Na esansi yenyewe, wakati ule wa vikwazo, tuliinunua kwa vichupa.

"Peleka kwa Massoudi, kule mutaa wa Jabe," baba aliniambia. "Mi siwezi kwenda."

Hakuwa mgonjwa. Tangu turudi hakuwahi kuvuka mtaa wetu. Aliogopa vizuizi vya askari. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliutia msumeno kwenye kikapu, nikaufunika kwa sombe, majani ya muhogo, askari wasiuone, nikajitwika.

Massoudi alikuwa fundi mzee mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunitambua, mara ya mwisho aliniona nikiwa mtoto mdogo. Aliifungua kabireta, akachomeka kimpira pale esansi inapoingilia, akaizamisha ndani ya bakuli la maji na kupuliza kwa mdomo. Mapovu yakapanda.

"Unaona? Sindano ya ndani haifungi. Esansi inapita tu."

Akafungua kifuniko. Kiwambo cha mpira kilikuwa kimekauka kama ganda la kitunguu, na ncha ya sindano imelika. Kisha akaacha kufanya kazi. Alikuwa ameshika gasketi, kile kizibo cha chini ya kifuniko, kilichokatwa kwenye boksi la majani ya chai.

"Hii nilikata mi mwenyewe," alisema polepole. "Huu ni musumeno wa Népo. We ni nani?"

"Mi Dative, mutoto wake."

"Masikini, mutoto wangu. Waliniambia walimuua. Nilimusomea dua hapa hapa."

"Apana, muzee. Iko muzima. Iko Kamenge."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akaifuta tena. Halafu maneno yakamtoka kama maji. Aliniambia juu ya Jumamosi zao, walipokaa mlangoni pake wakinywa kahawa ya tangawizi, baba akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alisema Idi moja baba alimletea kitanda cha mvule, akakataa kupokea hata asante. "Hatukuulizana kabila," alisema. "Tuliulizana kama kahawa imeiva."

Huku akiongea, mikono yake ilifanya kazi. Kwenye msumeno mbovu uliokuwa ukining'inia ukutani alitoa kiwambo na sindano. Alikwangua uchafu kwa unyoya wa kuku, akakata gasketi mpya, akapuliza tena. Safari hii bakuli lilitulia.

Nilinyoosha mkono kuupokea. Yeye akafunga mlango wa karakana.

"Bado kuiweka sauti. Hiyo inataka sikio la Népo. Twende."

"Muzee, njia si nzuri."

"We umepita nayo na sombe kichwani."

Kizuizini, msumeno ukiwa tena chini ya sombe, askari alimwuliza anakwenda wapi. "Kuona ndugu yangu," alijibu, tukaachwa.

Nyumbani, baba alikuwa amekaa uani juu ya tofali. Aliinuka nusu, akabaki vile.

"Massoudi?"

"Nilikuombea dua ya bure, we mutu!"

Walikumbatiana muda mrefu. Mimi niliangalia pembeni.

Kisha waliinama juu ya mashine. Massoudi alizungusha skrubu, baba amefumba macho. "Punguza... kidogo tena... hapo!" Msumeno ulinguruma kwa sauti niliyoisikia utotoni kila asubuhi.

Majirani walilala chini, wakidhani ni bunduki. Mama Prudence wa nyumba ya pili aliruka mtaroni na ungo wake wa unga. Alipotoka, mweupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, alituangalia, akatukana, halafu akaanza kucheka. Mtaa mzima ulicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kama kile tangu tukimbie.

Kabla ya mvua, kwa mbao alizopasua baba, tulikuwa tumepaua nyumba, yetu na ya Mama Prudence. Na Jumamosi iliyofuata baba alivaa shati lake safi, akavuka mtaa, akateremka Jabe kwa miguu.