Jina Kifuani

Fulana ilitandazwa juu ya kaunta, katikati ya mikate ya shayiri, nembo ya halmashauri imejikalia kifuani kama bwana mkubwa kitini. Torleif, mwoka mikate, aliitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye unga.

"Na sisi wafadhili tunakaa wapi?"

"Mgongoni, mzee," alijibu Ylva, nahodha wa timu ya roboti ya shule. "Jina la duka lako, herufi kubwa. Mji mzima utalisoma."

Duka lilikuwa na jina la marehemu mke wa Torleif, Gunnvor. Halmashauri ilipofunga kituo cha gari la wagonjwa, eti kubana matumizi, Gunnvor alikata roho kando ya tanuri, gari likihangaika na theluji ng'ambo ya mlima. Waliopiga kura ile walikuja mazikoni, wakala keki, wakaomba na kahawa ya pili.

"Hiyo mashine yenu inafanya nini?"

"Inambeba mgonjwa wa plastiki hadi hospitali ya mchezo."

Torleif alicheka kicheko kikavu. "Basi wa plastiki kapata viongozi bora kuliko sisi! Sikiliza, binti. Gunnvor hatembei nyuma ya wale watu. Mkiwaweka wao mbele, mchango wangu hampati."

"Ukumbi wa mashindano ni wao, mzee. Wamesema kifua ni chao."

"Wangekuwa na moyo ndani yake, wasingefunga kituo cha gari la wagonjwa, na mke wangu angekuwa hapa anakuuzia mkate."

Ylva aliikunja fulana polepole. "Alikuwa akinipa kile kipande cha pembeni, kilichoungua kidogo," alisema. "Hakuna aliyetuambia alikufa hivyo."

Torleif alimpa mchango, kisha akajilaani mchana kutwa: mjinga we, umelainishwa na ganda la mkate.

Jumamosi alikwenda ukumbini ili ajionee mwenyewe dharau ile. Meya alikuwa jukwaani na mkufu wake wa cheo, meno nje, akiisubiri timu wapige picha.

Timu iliingia. Wote walikuwa wamevaa fulana nyuma mbele, kola zikiwakaba koo. Nembo ilikuwa mgongoni. Kifuani: GUNNVOR.

"Mmegeuza nguo, wanangu!" alicheka Meya.

"Tunajua," alisema Ylva.

"Na huyu Gunnvor ni kampuni gani?"

Ylva alimtazama Torleif, na ukumbi mzima ukageuka naye. Matusi aliyoyanoa tangu mazishi yalimjaa kinywani, makali, tayari. Akasimama, akavua kofia.

"Ni mke wangu," alisema.

Mpiga picha alishusha kamera, akasubiri.