Bomba Lililofika Nyumbani

Mke wa mpiga tromboni alikuwa akikaanga vitunguu bomba lilipoingia dirishani. Lilikuwa lile bomba la shaba la tromboni ya mumewe, la kusukuma na kuvuta; likisukumwa mbali sauti huzama, likivutwa hupanda. Mumewe alikuwa mji wa mbali na bendi, ameketi nyuma ya wapiga saksafoni, akipiga noti ya chini kabisa. Mke akasogeza sufuria, bomba lipate nafasi.

“Umekula lakini?” aliliuliza.

Bomba likatetemeka.

Tangu hapo lilifika kila jioni. Mke alianika juu yake nepi za mtoto wao mchanga, maana joto la pumzi lilizikausha upesi. Mtoto huyo, binti, alijifunza kutembea akilishika.

“Shoga, wako anafika,” jirani alisema. “Wangu yuko chumba cha pili na simwoni.”

Binti alipoanza shule alitega kitendawili: “Nyumbani kwetu kuna mkono usio na mtu.” Wenzake wakashindwa, wakampa mji. Akachagua ule iliko bendi. Hakupelekwa.

Mpiga tromboni alihama bendi kubwa hii hadi ile, koti jeupe, koti jekundu, koti la buluu. Wapiga tarumbeta walipewa likizo, na mpiga ngoma pia. Binti alipochumbiwa, baba mtu akaomba ruhusa ya kwenda kumwoza.

“Mzee wangu, si unafika kwako kila jioni?” alisema kiongozi wa bendi, akiendelea kung'arisha kiatu. “Wenzako mkono wa hivyo watautoa wapi?”

“Ni kweli, bosi,” alisema, akamwaga sakafuni mate yaliyojaa ndani ya tromboni.

Basi harusi ikawekwa jioni, saa ya bendi. Bomba liliingia watu wakiketi. Mama akalifuta vumbi. Bwana harusi akaliinamia.

“Shikamoo, baba.”

Likatetemeka.

Mpiga picha akawapanga: maharusi katikati, mama kulia, bomba kushoto.

“Baba mzazi, rudi nyuma kidogo. Unamziba bwana harusi.”

Bomba likarudi nyuma. Kule mbali, ukumbini kwa bendi, noti ikapanda, na kiongozi akageuka, akamkata jicho mpiga tromboni. Bomba likasukumwa tena mbele.

Mpiga picha akashusha kamera.

“Haya,” akasema, “bwana harusi, hama wewe.”