Oveni Isiyotaka Magoti

"Hivi jirani, mumeo siku hizi anauza mkaa?"

Aliyeuliza alikuwa jirani wa upande wa jikoni, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimwi. Aliyeulizwa alikuwa mwoka keki, enzi hizo mumewe angali hai. Redio alikuwa amemwona mume huyo bombani asubuhi ya Jumamosi, mikono myeusi mpaka viwikoni, anajisugua kwa kipande cha sabuni. Na mume mwenyewe alikuwa karani, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Mwoka keki alicheka, akasema mumewe anatengeneza baiskeli. Hata baiskeli hawakuwa nayo.

Ukweli ni kwamba karani alikuwa anaosha oveni. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, mwaka ule magoti ya mkewe yalipoanza kumsumbua. Kila Jumamosi, keki za watu zikishachukuliwa, alivua shati, akatandika gunia sakafuni, akapiga magoti na kuingiza kichwa na mabega mle ndani kama anayemtafuta kuku aliyejificha. Mwanzoni alitumia magadi na siki, akakwangua pembe kwa kisu cha siagi alichokizungushia kitambaa, na asubuhi nzima ikaishia hapo. Ndipo mkewe alipoona dukani dawa ya kupuliza. Unapuliza, unafunga mlango, unakunywa chai, ukirudi masizi yanateleza yenyewe. Akanunua.

"Mke wangu, dawa hii inanipanda puani," karani alimwambia siku ya kwanza.

"Fungua dirisha," alijibu, akiendelea kupiga mayai.

Akafungua dirisha. Akalifungua kila Jumamosi kwa miaka sita.

Kisha kikaja kikohozi, kwanza cha kupita, baadaye cha kukaa. Hospitali walisema mapafu yamekakamaa. Daktari, mtu mpole, aliuliza kama mgonjwa amewahi kufanya kazi yenye moshi au madawa makali. Mgonjwa mwenyewe alikuwa usingizini, na waliokuwa pembeni ya kitanda ni wawili, mke na dada yake. Dada ndiye aliyejibu.

"Hapana, daktari. Huyu tangu azaliwe hajashika kitu kikali kuliko wino."

Daktari akaandika. Mwoka keki alitazama kalamu ikienda mpaka ikafika mwisho wa mstari, akanyamaza. Hakuna aliyesema kwamba ni dawa ile. Hakuna aliyesema kwamba siyo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kwamba ipo. Karani akazikwa mwezi uliofuata.

Tangu hapo ilikuwa miezi minane. Mwoka keki alikuwa anaamka, anasali, anafagia, anakula kilichopo. Hakulia sana na watu walimsifu kwa hilo, wakasema imani imemshika mkono. Yeye alijua si imani. Ilikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya kung'olea jino: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauitiki. Hata sala zake zilikuwa hivyo. Maneno yalitoka yote, kwa mpangilio wake, na alipofika mahali pa kutubu aliyasema yale ya jumla, yanayomfaa kila mtu, akainuka.

Hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki ni wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote kama mtu mwingine anavyovaa mkufu. Kila wiki alikuja. Alileta mboga, alibadilisha mashuka, alimtania mpaka akameza tonge mbili tatu. Na kila alipokuja, mahali fulani katikati ya mazungumzo, aliuliza lile lile.

"Lakini wifi, ni nini kilichomla ndugu yangu? Sigara havuti, pombe hajui. Ni nini?"

"Mungu anajua," mwoka keki alijibu kila mara. Na kila mara alijua kwamba siku akisema anachokijua yeye, mlango ule hautapigwa hodi tena, na nyumba itabaki yeye na kuta.

Oveni nayo ilikuwa haijaguswa na kitambaa tangu karani aingie hospitali. Ilitoa moshi hata ikiwa tupu. Mteja mmoja alirudisha keki ya harusi, akasema kwa adabu kwamba ina ladha ya jivu. Wifi alipopata habari hiyo akafungua mlango wa oveni, akachungulia, akaufunga taratibu kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake.

"Hii tena basi," alisema. "Zamani ukiiosha ilikuwa inang'aa. Sasa magoti hayo hayawezi. Twende dukani, siku hizi zipo zinazojiosha zenyewe."

"Sawa," mwoka keki alisema.

Neno hilo ndilo lililokuwa limebaki mdomoni mwake.

Dukani oveni zilipangwa mstari, milango yote imefunguka kidogo. Muuzaji, kijana wa tai fupi, aliwapokea kwa mikono miwili. Wifi hakumpa nafasi.

"Baba, tunataka ile isiyotaka kuinamiwa."

"Zipo za aina mbili, mama. Hii inatumia mvuke. Unamimina maji chini, unawasha, uchafu unalainika. Kisha unapangusa."

"Unapangusa umesimama au umepiga magoti?"

Kijana akaitazama oveni kana kwamba ndiyo itakayojibu. "Inabidi uiname, mama."

"Hiyo peleka kwa wenye viuno vya miaka ishirini. Nyingine."

"Hii ya pili inatumia moto. Ukibonyeza hapa, mlango unajifunga, moto unapanda mara mbili ya ule wa kuokea, kwa saa tatu hivi. Kila kilichoganda kinaungua mpaka kinakuwa jivu. Ikipoa, mlango unajifungua, unafuta jivu kwa kitambaa chenye maji."

"Saa tatu imejifungia, haimsikilizi mtu," wifi alisema. "Hiyo nimewahi kuolewa nayo."

Kijana akacheka mpaka akashika tai. Hata mwoka keki aliona mdomo wake ukisogea, akaungoja uendelee, haukuendelea.

Wifi alivua futi shingoni akaanza kupima, upana, urefu, kina, akitaja tarakimu kwa sauti kama anayemkatia mtu suti. Alipohamia upande wa nyuma, kijana alimgeukia mwoka keki, akaongea kwa utaratibu wa mtu aliyeambiwa ayaseme hayo kwa kila mteja.

"Mambo manne, mama. Nyavu za ndani, zile za kuwekea keki, uzitoe kwanza. Mafuta yaliyomwagika ufute. Dirisha liwe wazi. Na usipulize dawa ya aina yoyote mle ndani, kabisa. Ikipata moto ule inatoa hewa mbaya, inaumiza kifua."

"Sawa," mwoka keki alisema.

Alilisikia kila neno. Yalishuka ndani yake yakatua mahali, kama vyombo vinavyowekwa rafuni na mtu mwingine. Njia nzima ya kurudi wifi aliongea juu ya rangi ya mapazia, na yeye hakumwambia lolote.

Fundi wa duka alikuja akaifunga ile ya moto. Mwoka keki akaitumia mwezi mzima. Keki zilipanda vizuri, wateja wakaanza kurudi. Siagi ilichuruzika, sukari ikaganda chini, ikawa nyeusi. Kila Jumamosi alikitazama kile kitufe cha kujisafisha, akapita. Hakuwa na sababu anayoweza kuisema. Alibandika maji ya chai tu.

Jumamosi ya tano wifi alifika mapema, akaifungua, akaona.

"Wifi yangu, umenunua mfanyakazi halafu unampa likizo?"

"Nitaiwasha."

"Lini? Haya, nenda kasali, muda wako ndio huu. Mimi nitabonyeza. Kubonyeza hakuhitaji kisomo."

Akaenda. Alifunga mlango wa chumbani, akaanza. Alikuwa amefika mahali pale pa kutubu, akiyasema yale ya kila mtu, aliposikia mlio mdogo wa chuma kutoka jikoni, mlango wa oveni ukijifunga. Akamaliza. Akakunja kitambaa chake. Alipotoka, wifi alikuwa ameketi, kikombe mkononi, ameridhika.

"Nyavu nimetoa, zipo kwenye beseni," alisema. "Na nikaipa nguvu kidogo. Nimekuta kopo la dawa nyuma ya ndoo, limebaki nusu. Nikapuliza lote. Mashine nayo isaidiwe."

Mwoka keki alitazama nyuma ya ndoo. Kisha akatazama oveni. Dirisha dogo la kioo lilikuwa limeshaingia ukungu wa manjano.

"Zima," alisema.

"Ndiyo kwanza imeanza."

"Zima, wifi. Tutoke."

Alizima mwenyewe, lakini mlango haukufunguka. Ulikuwa umejifunga kama walivyoambiwa, na hautafunguka mpaka ipoe. Harufu ilikuwa imeshatoka pembezoni. Haikuwa harufu ya moshi. Ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, inaingia puani na kukaa kooni. Alisukuma dirisha la jikoni likafunguka mpaka mwisho, akamshika wifi mkono, wakatoka uani.

Wifi alikohoa. Aliinama, kiganja kimoja ukutani, kingine kifuani, futi ikining'inia mbele kama kamba. Alikohoa mara tatu, akapumzika, akakohoa mara mbili za haraka. Kilikuwa kikohozi cha karani, pumziko lile lile, mbili zile zile. Redio alichungulia juu ya ukuta, akauliza kuna nini, akaambiwa hamna kitu, akaondoka bila kuamini.

"Uwii," wifi alisema alipopata pumzi. "Dawa gani ile inamtoa mtu roho? Nani aliyekuwa anaitumia?"

Mwoka keki angeweza kusema ni yeye. Neno lilikuwa karibu, na wifi angeliamini, kwa kuwa ndivyo alivyoamini miaka yote. Alilitafuta, akakuta halimo.

"Kaka yako."

"Kaka yangu yupi?"

"Huyo huyo. Yeye ndiye aliyekuwa anaiosha oveni. Kila Jumamosi, kwa magoti. Mimi sijaiosha tangu magoti haya yaanze kuniuma."

Wifi alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alikuwa bado na tabasamu la mtu anayengoja mwisho wa utani. "Na dawa?"

"Nilinunua mimi. Miaka sita. Aliniambia inampanda puani, nikamwambia afungue dirisha."

Jikoni feni ya oveni iliendelea kunguruma, ikijipoza. Tabasamu la wifi halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake bila kazi.

"Daktari aliuliza," alisema.

"Aliuliza."

"Mimi ndiye niliyemjibu. Wewe ulikuwa umesimama hapa." Akaonyesha hatua moja kutoka alipo, kana kwamba kitanda kilikuwa pale uani. "Ulinisikia nikisema wino."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na kila wiki nakuja hapa nakuuliza."

"Ndiyo."

"Ndiyo iliyomuua?"

"Sijui, wifi. Hakuna aliyepewa nafasi ya kujua."

Mwoka keki alingoja kitu kiamke ndani yake: hofu, au machozi, au hata nafuu. Aliona tu kwamba beseni la nyavu limeachwa juani na povu limeshaanza kukauka, na kwamba kiatu kimoja cha wifi kimefunguka kamba. Alitaka kumwambia kuhusu kamba.

Wifi aliivua futi shingoni. Aliikunja taratibu kwenye vidole, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikawa kidonge, akaitia mfukoni. Aliingia ndani akiwa ameziba pua, akatoka na mkoba wake. Alipita mbele ya mke wa kaka yake karibu sana, mpaka kitambaa kikagusana na kitambaa, akafungua geti, akatoka.