Mkono wa Breki

Kule kwenye jukwaa la gesi, katikati ya bahari, walimwita Breki. Kazi yake ilikuwa kusimama sitahani na kumwongoza dereva wa winchi kwa ishara za mikono: shusha, vuta, simama. Akisema simama, hata tani kumi zilisimama. Miaka kumi na saba! Mpaka siku kontena lilipompiga bega la kulia, mkono ukabaki kuning'inia tu.

Sasa ni mwaka wa pili yuko nyumbani, na nyumbani amepachoka, tusifichane. Mkewe akianua nguo, yeye kibarazani anampigia ishara kwa mkono wa kushoto: polepole, sogeza. "Baba, hizi ni shuka, si makontena," mkewe humwambia. Wanacheka, halafu Breki anaurudisha mkono mapajani.

Asubuhi ya shauri la fidia mkewe alimwekea sawa kola. "Nakuomba, leo usijifanye shujaa. Mkono haupandi, basi haupandi."

"Kwani nitasema unapanda?"

"Nakujua mimi."

Kampuni ilidai bega limepona. Msuluhishi, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliwasha skrini ya ukutani amsikilize shahidi: dereva wa winchi, akiwa hukohuko kazini, kwenye mapumziko yake.

"Shemeji, hujambo!" dereva alimsalimu mke wa Breki aliyeketi kando. "Breki, kaka yangu!"

Macho ya Breki yalimpita dereva. Nyuma ya dereva kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha, sitaha yake. Ileile, rangi ya manjano imebanduka palepale pa siku zote. Jamani, aliitamani mpaka akasogeza kiti karibu na skrini.

Shahidi akiwa katikati ya maelezo, Breki akaona mzigo unayumba hewani, na chini yake mtu ameinama anafunga kamba, hana habari. Mazoea yana tabu. Breki aliruka kitini, mikono yote miwili juu. "Simama!"

Dereva akageuka, akapaza sauti kwenye redio kwa mwenzake aliyeshika winchi. Mzigo ukasimama, yule mtu akatoka mbio.

Hapo ndipo maumivu yalipomfika. Breki aliangukia magoti, jasho linamtoka. Wakili wa kampuni alikuwa ameshasimama. "Naomba iandikwe: mkono umepanda." Wahenga walisema mdomo huponza kichwa; hawakumwona Breki, aliyeponzwa na mkono.

"Unaweza kuunyanyua tena?" msuluhishi aliuliza.

Alijaribu. Haki ya Mungu, alijaribu. "Siwezi, mama."

"Mbona sasa hivi umeweza?"

"Kulikuwa na mtu chini."

Msuluhishi alivua miwani. Alichokiona hakuweza kukifuta, alisema. Fidia isingetoka leo; bega likapimwe upya, na foleni ya vipimo ni mwaka mzima.

Mkewe alimwendea, machozi yanamtoka. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Karani alinyoosha mkono kuzima skrini.

"Usizime kwanza," Breki alisema, bado yuko chini. "Niache nitazame kidogo."

Karani alimwangalia msuluhishi. Lakini aliyejibu ni mke, huku anakaa sakafuni kando ya mumewe. "Mwache atazame," alisema. "Kwao kule."